Mfupa Unaishia Wapi? Uchambuzi wa Kisa cha Somo la Mifupa katika Darasa la Pili

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya msingi ya serikali mjini Bagamoyo, katika darasa la pili lenye wanafunzi 68 wa umri wa miaka saba hadi tisa, waliokuwa wakikaa watatu watatu kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya wawili. Mada ilikuwa mifupa ya mwili wa binadamu, nami ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu somo la kwanza lilishindwa kwa namna ambayo nisingeitambua kama nisingewaambia watoto wachore, na kwa sababu njia tuliyoipata baadaye haikuhitaji maabara wala vifaa vya kuagiza, bali siki, chelewa, vizibo vya soda na miili ya watoto wenyewe.

Somo la kwanza nililifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Nilitundika ubaoni chati ya kiunzi cha mifupa, nikataja mifupa minane, yaani fuvu, taya, mtulinga, mbavu, uti wa mgongo, nyonga, fupaja na muundi, kisha tukaiimba kwa kupiga makofi huku nikiionyesha kwa fimbo. Nikamalizia kwa kuwaambia kuwa mtu mzima ana mifupa 206. Kipindi cha dakika 30 kilipokwisha, darasa zima lilikuwa linaitikia kwa sauti moja, na mtu yeyote ambaye angepita barazani wakati ule angesema kwamba somo limekwenda vizuri. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi kesho yake.

Kesho yake niliwagawia karatasi zenye umbo tupu la mwili wa mtu, nikawaomba wachore mifupa iliyomo ndani. Karatasi moja ninayo hadi leo. Katika kila mkono mna mfupa mmoja wenye vifundo huku na huku, kama ule unaobaki sahanini baada ya kula paja la kuku, nao umepita begani, ukapita kwenye kiwiko bila kusimama, ukaishia katikati ya kiganja. Kifuani mna alama ya kujumlisha. Miguuni mna vijifupa vitatu vilivyotawanyika, visivyogusana, kama vitu vilivyodondoka mfukoni. Kichwa ni kitupu. Karatasi nyingine nyingi zilionyesha uti wa mgongo ulioshuka toka shingoni hadi miguuni ukiwa na vijiti vya kukingama kila upande, na nilihitaji kuziangalia mara mbili ndipo nikaelewa kwamba watoto hawa wa pwani walikuwa wamenichorea samaki aina ya changu aliyeliwa akaisha. Nilipohesabu, ni karatasi 9 tu kati ya 68 ambazo mfupa wake hata mmoja uliishia kwenye goti au kwenye kiwiko. Hakuna mtoto aliyekuwa amesahau 206.

Palikuwa na jambo jingine zito zaidi ya michoro. Msichana mmoja aliigeuza karatasi yake juu chini, akainamisha kichwa juu ya dawati. Nilipomwita pembeni, alinieleza kwa sauti ya chini kwamba babu yake alizikwa mwezi uliopita, kisha akauliza iwapo sasa babu yuko kama yule wa ubaoni. Wenzake wawili walisema picha ile ni ya kwenye nguzo za umeme, ile ya fuvu na mifupa miwili iliyopishana, ambayo mama zao wamewakataza kabisa kuikaribia. Na mvulana mmoja, nilipomuuliza kama naye ana fuvu, alinijibu kwa uhakika kabisa: "Mimi sina, mwalimu. Mimi mzima."

Jibu hilo ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa nimesema "mtu mzima ana mifupa 206", nikikusudia mtu aliyekwisha kukua, lakini neno mzima katika lugha yetu hubeba pia aliye hai, asiye na ugonjwa, asiyevunjika. Katika darasa lile maneno yangu yalisikika kwa namna tatu. Wapo walioelewa kwamba wakubwa ndio wenye mifupa na watoto bado. Wapo waliosikia hesabu tupu. Na wapo waliokuwa na tatizo la kweli la kufikiri, kwa sababu mwalimu anasema mtu mzima ana mifupa ilhali picha anayoionyesha ni ya mtu ambaye kwa vyovyote si mzima. Kwa mtoto wa miaka saba, kiunzi cha mifupa ni kitu kinachobaki baada ya mtu kuondoka. Hakijawahi kuwa kitu kinachomsimamisha yeye asubuhi anapotoka kitandani.

Kiswahili kiliingia katika kisa hiki kwa milango mingine pia, na mwalimu anayefundisha mada hii afaa kuijua mapema. Mtoto mmoja alinisahihisha kwamba samaki hana mifupa, ana miiba, na kwa matumizi yetu ya kila siku hakukosea, kwani hakuna anayeketi kula samaki akasema ameng'ata mfupa. Neno mguu linaanzia kwenye nyonga hadi kwenye vidole, na mkono vivyo hivyo linameza bega, kigasha (sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) na kiganja kwa pamoja, kwa hiyo mtoto anayechora mfupa mmoja mrefu kutoka begani hadi kiganjani anafuata jina alilopewa: mkono mmoja, mfupa mmoja. Kwa upande mwingine lugha inatusaidia mno mahali ambapo sikuwa nimeitumia. Kiungo ni pale kitu kinapoungana na kingine. Mtoto akishajua kuunga, ameshapewa nusu ya somo la mifupa bila kufundishwa, mradi tu mwalimu asiliache neno hilo libaki na maana ya sehemu yoyote ya mwili, kama tunavyolitumia tunaposema jicho ni kiungo na sikio ni kiungo.

Basi niliondoa chati ubaoni, nikaanza upya kutoka kwenye swali moja: mwili wako unakunjika wapi?

Uamuzi wa kuanzia kwenye mikunjo badala ya majina ya mifupa ndio kiini cha kisa hiki, na sikuuzua peke yangu. Katika jumba la sayansi la La Villette jijini Paris kuliwahi kuwekwa baiskeli mbele ya kioo, ambapo mtoto aliyepiga pedali aliona ndani ya taswira yake mwenyewe mifupa ya miguu ikienda pamoja na miguu yake. Mtafiti Jack Guichard, katika makala yake ya mwaka 1995, alieleza kwamba watoto wa miaka sita na saba waliopanda baiskeli ile walichora mifupa inayoanzia kwenye kiungo kimoja na kuishia kwenye kingine, tofauti na wenzao ambao hawakuipanda, waliochora vijiti vilivyoishia popote. Siwezi kupata kioo cha namna hiyo Bagamoyo. Lakini kilichofanya kazi pale, kwa maoni yangu, ni mtoto kuona mfupa wa mtu aliye hai, tena wa kwake, ukiwa kazini. Hilo linawezekana kwa vidole vyake kumi.

Shughuli ya kwanza tuliifanya uwanjani chini ya mwarobaini. Kila mtoto alipapasa kiwiko chake akitafuta mahali pagumu, kisha akafuata ugumu ule kwa kidole kuelekea kwenye kifundo cha mkono hadi ugumu ulipokatika, na hapo akafungia kamba ya mgomba. Walifanya hivyo kwa kiwiko, kifundo cha mkono, goti na kifundo cha mguu. Haikuwa kazi ya haraka. Ilichukua vipindi viwili, na darasa la watoto 68 wanaopapasana lina kelele zake. Halafu nikachukua vipande vya maboksi, nikawafunga baadhi yao kwa vitambaa vya kanga kuukuu ili kiwiko kisikunjike, nikampa kila mmoja punje ya karanga na kuwaambia waile. Msichana mmoja alinyoosha mkono mbele, akaupeleka juu, akaupeleka pembeni, karanga ikiwa bado katikati ya vidole vyake, mbali na kinywa kama mwanzo. Akajaribu kuinama aifuate kwa mdomo, akashindwa. Mwishowe akaitupa hewani akaikosa. Wenzake walipiga kelele za kumwelekeza kwa dakika nzima. Kisha mmoja wao, mtoto ambaye kwa kawaida hasemi darasani, akasogea na kumwekea mwenzake karanga mdomoni kwa mkono wake uliokuwa huru. Nilipouliza kwa nini imeshindikana, jibu lilikuwa: "Mfupa wake umekuwa mmoja." Sikuwahi kulipata jibu bora zaidi ya hilo kwa kutumia chati.

Baada ya hapo ndipo tulipochora tena, safari hii kwa ukubwa wa mwili. Tulipasua mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa vyoo, tukaikung'uta vizuri nje, mbali na watoto, tukaiunganisha, na mtoto mmoja katika kila kundi akalala juu yake huku wenzake wakizungushia mkaa pembezoni mwa mwili wake. Kila mahali palipokuwa na kamba ya mgomba tuliweka kokoto. Ndani ya mstari ule wakapanga chelewa na mabua, kwa sharti moja tu, kwamba kila kijiti kianzie kwenye kokoto moja na kuishia kwenye nyingine. Sharti hilo lilizua ubishi ambao sikuupanga. Kundi moja liligundua kwamba kati ya goti na kifundo cha mguu, mtu akipapasa kwa makini, kuna mfupa mkubwa mbele na mwingine mwembamba pembeni. Kundi lililofuata likabisha, likapapasa, likakubali. Kufikia mwisho wa kipindi makundi yote yalikuwa na vijiti viwili chini ya goti, na mawili yalikuwa na vijiti viwili kwenye kigasha pia, bila mimi kutaja jina lolote.

Kuhusu uti wa mgongo nitasema machache, kwa kuwa shughuli yake inajulikana na walimu wengi. Tulitoboa vizibo vya soda, tukavitunga kwenye kamba tukiviwekea kati kati vipande vya ndala zilizochakaa, ili vizibo viwe pingili na ndala ziwe gegedu, yaani kile kitu laini kinachonyumbulika kinachokaa kati ya pingili moja na nyingine. Kamba iliyotungwa vizibo peke yake ilikwaruza na kukwama. Ile yenye ndala ilipinda taratibu na kurudi. Niliwaambia kwamba shingo ya binadamu ina pingili saba na shingo ya twiga nayo ina saba, ila zake ni ndefu, na jambo hilo lilirudi nyumbani kwao jioni ile ile, maana kesho yake wazazi wawili waliniuliza langoni kama ni kweli.

Mahali ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye mfupa wenyewe, yaani umetengenezwa kutokana na vitu gani, kwa sababu hapo ndipo hofu ilipogeuka kuwa udadisi. Mama lishe anayeuza chakula jirani na shule alituwekea mifupa ya mapaja ya kuku. Tuliichemsha, tukaikwangua nyama yote, tukaianika juani. Nilihakikisha mapema kuwa ni ya kuku, na niliwaeleza wazazi hivyo, kwani katika mji wetu mwalimu akileta darasani mifupa isiyojulikana ya mnyama gani, anaweza kuleta mgogoro ambao somo lote halitoshi kuutatua. Mifupa minne tuliitumbukiza ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyojaa siki, minne tukaiacha rafuni, na miwili niliichoma nyumbani kwangu juu ya mkaa hadi ikawa myeupe, kwa kuwa moto si kazi ya kuwapa watoto wa umri huo.

Siki ni asidi, nayo huyeyusha taratibu madini ya kalsiamu yanayoupa mfupa ugumu wake. Kinachobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo siki haiziyeyushi. Siku ya pili povu dogo dogo lilikuwa limeshika kwenye mifupa. Siku ya nne nilibadilisha siki. Siku ya saba nilitoa mfupa mmoja, nikauosha, nikampa mvulana yule aliyeniambia kwamba hana fuvu kwa kuwa ni mzima. Aliushika kwa vidole viwili kwanza, kwa tahadhari, kisha akaubana kati kati, nao ukapinda. Aliuachia, ukanyooka. Akaupinda tena hadi ncha mbili zikakaribiana, akanitazama, akautazama ule mfupa wa rafuni, akaugonga ule wa rafuni mezani ukalia. Baada yake mfupa wa siki ulizunguka darasa zima, na uliporudi kwangu ulikuwa na joto la mikono yao. Mfupa uliochomwa niliwaonyesha mwisho. Umbo lake lilikuwa kamili, lakini nilipoubonyeza kwa kidole gumba ulivunjika vipande kama ganda la yai, kwa sababu moto ulikuwa umeunguza nyuzi na kuacha madini peke yake.

Sikuwa na haja ya kuwatafutia mfano mbali, kwani nje ya dirisha mafundi walikuwa wakimwaga nguzo za vyoo. Nondo peke yake hupinda, na zege peke yake hupasuka. Fundi huvitia pamoja. Nyuzi za kolajeni ndizo nondo za mfupa na madini ndiyo zege lake. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini basi kaka yake alipoanguka kutoka kwenye mkorosho mkono haukukatika bali "ulipinda kama kijiti kibichi", kama daktari alivyomwambia mama yake. Nilifurahi kwa sababu swali hilo lilijibika palepale: mifupa ya watoto hunyumbulika kuliko ya wakubwa, kwa hiyo mara nyingine huvunjika upande mmoja tu na kupinda upande wa pili, kama tawi bichi unapojaribu kulivunja. Darasa lilikwishawahi kuisikia methali ya samaki mkunje angali mbichi, na safari hii waliielewa kwa mikono.

Swali gumu zaidi liliulizwa na msichana aliyeigeuza karatasi yake siku ya kwanza, naye aliliuliza mbele ya wote. Alikuwa na mdogo wake mchanga nyumbani. Alitaka kujua kama naye ana mifupa 206, kwa sababu utosi wake ni laini na "unapumua", na mama amewakataza kuubonyeza. Kusema kweli sikuwa na jibu kamili wakati ule, nikamwahidi kumjibu keshokutwa. Jibu nililompa ni kwamba mdogo wake ana vipande vingi kuliko mama yake. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa na gegedu vinavyokaribia 300, na vingi huungana kadiri anavyokua. Mifupa ya fuvu lake haijashikana bado ili kichwa kiweze kubanwa wakati wa kuzaliwa na ubongo uweze kukua baadaye. Utosi wa mbele kwa kawaida huwa umefunga mtoto anapofikisha kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Hata mtulinga, ule mfupa unaopapaswa chini ya shingo, humaliza kuungana ncha yake mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mifupa 206 ndani ya chumba kile isipokuwa mimi.

Wasomaji walimu watapenda kujua kwamba jambo hilo hilo la ncha zisizoungana ndilo linalowawezesha wataalamu kusoma umri ndani ya mifupa. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana huko Kenya, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu ambacho kilifuatwa na karibu kiunzi chote cha mtoto wa kiume aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Meno yake na ncha za mifupa yake ambazo hazijaungana zilionyesha kwamba alikuwa bado anakua. Habari hiyo sikuwasimulia watoto wa darasa la pili, kwa kuwa tulikuwa tumefanya kazi kubwa kuwatoa kwenye makaburi na sikutaka kuwarudisha huko. Naamini mahali pake ni madarasa ya juu.

Yapo mambo mawili niliyoyakosea hata katika awamu hii ya pili. La kwanza linahusu mwanafunzi mwenye matege. Nilikuwa nimepanga mchezo wa kutembea bila kukunja magoti, na sikumfikiria hadi nilipoona macho ya wenzake yakimwendea. Aliufanya mchezo, lakini aliufanya akiwa ametazama chini, na mtoto mmoja alimcheka. Nilipaswa kuzungumza naye na mama yake kabla ya wiki ile, nikapanga shughuli ambayo magoti ya kila mtu hayakai uwanjani kutazamwa. Nilikwenda kwao jioni ile kuomba radhi. Mama yake alinipokea vizuri, akanieleza kwamba mtoto yuko kliniki na miguu inaendelea kunyooka, na ni yeye aliyependekeza kwamba nilieleze darasa kuwa mfupa wa mtoto unaweza kupinda kwa kukosa virutubisho na unaweza kunyooka ukitibiwa mapema. Nililieleza bila kumtaja mtu. Wenzangu wanaofundisha kwenye maeneo ya Arusha na Meru, ambako maji ya baadhi ya visima yana floridi nyingi inayoathiri meno na mifupa ya watoto, watakuwa na wanafunzi wa namna hii wengi kuliko mimi, na shughuli zozote watakazozichukua kutoka katika kisa hiki wazipime kwa jambo hilo kwanza.

Kosa la pili ni la mpangilio. Niliviacha vidole mwisho, kwa haraka ya kumaliza, ilhali huko ndiko mifupa iliko. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kila wayo pamoja na kifundo chake una 26. Ukijumlisha pande zote mbili unapata 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mtu aliyekua. Mtoto akianza na kidole chake mwenyewe, akikikunja na kuhesabu vipande vitatu, kisha akakuta kidole gumba kina viwili tu, atakuwa ameshajua kanuni yote ya kuhesabu mfupa kati ya mkunjo na mkunjo kabla hajafika kwenye kiwiko. Nikifundisha tena nitaanzia hapo.

Wiki tatu baada ya shughuli kwisha, bila kuwakumbusha lolote, niliwapa karatasi ile ile yenye umbo tupu. Walikuwepo 64. Michoro 51 ilikuwa na mifupa inayoishia kwenye goti na kwenye kiwiko, ikilinganishwa na ile 9 ya mwanzo. Michoro 38 ilikuwa na mifupa miwili chini ya goti. Fuvu lilikuwapo karibu katika kila karatasi, na baadhi walilichora likiwa limefungwa ndani ya sura yenye macho na tabasamu, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu zile. Hizi ni namba za darasa moja, zilizohesabiwa na mwalimu aliyetamani zipande, na sina kundi la kulinganisha; ninazitoa ili mwingine azijaribu darasani kwake.

Mbavu bado zilielea. Wengi walichora mistari ya kukingama kifuani isiyoshika nyuma wala mbele, ingawa waliweza kuzipapasa. Katika muhula uliofuata tulikwenda ufukweni kwa mafundi wa majahazi, ambako kulikuwa na jahazi moja ambalo halijapigwa mbao upande mmoja. Fundi aliwaonyesha mkuku uliolala chini na mataruma yanayopanda kutoka humo huku na huku, akawaambia wasukume taruma moja waone kama litatikisika. Halikutikisika, kwa sababu limeshikwa chini. Watoto walitia mikono mgongoni mwao wenyewe wakitafuta mkuku wao. Michoro ya mbavu ilibadilika baada ya siku hiyo zaidi ya ilivyobadilika kwa maelezo yangu yote, ingawa ilinibidi niwaeleze tofauti moja, kwamba mbavu zetu nyingi hufunga pia upande wa mbele, kwenye mfupa wa kidari, na ni jozi mbili za chini kabisa tu ambazo ncha zake huachwa wazi.

Nyonga ndiyo iliyobaki. Hakuna karatasi hata moja kati ya zile 64 iliyokuwa na kitu chochote kati ya kiuno na mapaja. Mifupa ya miguu ilianzia hewani. Nadhani sababu ni kwamba mtoto hawezi kuishika nyonga kwa vidole kama anavyoushika muundi, na sisi wenyewe huona haya kumwelekeza apapase huko. Mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza ndiye aliyenipa wazo la madawati. Tuliwaambia watoto wote wakalie viganja vyao juu ya ubao mgumu, viganja vikiwa vimetazama juu, kisha wajisogeze taratibu kushoto na kulia. Kwa sekunde chache darasa lilinyamaza. Halafu sauti zikaanza kutoka huku na huku kwamba kuna vitu viwili vigumu vinawabana mikono, kimoja kila upande. Ni ncha za chini za mifupa ya nyonga, zile ambazo mtu hukalia maisha yake yote. Ijumaa iliyofuata waliochora kitu mahali pale walikuwa 23. Wengi wao walichora miduara miwili tu, na chini ya kila duara fupaja likaanza.